Afya ya Noti za Mkelewa

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana wengi waliowahi kuinyooshea kidole walirudi na mkono usio na kidole. Itoshe kusema ni nchi njema, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na viongozi wake hawajawahi kukosea tangu walipopitisha sheria inayosema hivyo.

Katika nchi hiyo kila mji una benki yake, na kila benki hutoa noti zake yenyewe. Noti ni karatasi yenye picha ya ng'ombe upande mmoja na picha ya Waziri wa Fedha upande wa pili, lakini haiwi fedha mpaka mtu mmoja aliyeteuliwa aitie saini kwa mkono wake. Mtu huyo huitwa Mtia Saini. Na noti huishi kadiri anavyoishi yeye. Siku akikata roho, kila noti yenye saini yake inakata roho naye saa ile ile, iwe imo kabatini, mfukoni, au kwenye kiganja cha mtoto aliyetumwa chumvi.

"Noti ni ahadi," Waziri aliwaeleza wabunge siku ya kupitisha sheria. "Na ahadi ni ya mtu. Ahadi ya maiti haimlipi mtu." Wabunge walipiga meza kwa dakika kumi, kisha wakatoka mbio kwenda kununua viwanja.

Mji wa Mkelewa ni mdogo. Una barabara ya lami moja, inayoanzia kwa Mwenyekiti wa Benki, inauzunguka mji, na kuishia kwa Mwenyekiti wa Benki. Mtia Saini wake wa kwanza aliitwa Mzee Fumbuka, fundi saa, mtu wa kicheko. Alitia saini miaka tisa. Mwaka wa kumi bodi ikamwandalia karamu ya kumshukuru Mungu kwa afya yake, na katikati ya hotuba ya tatu juu ya afya yake, akakabwa na kipande cha nyama. Msemaji hakukatiza, kwa sababu alikuwa amebakiza kurasa mbili. Kabla jua halijazama Mkelewa nzima ilikuwa ombaomba. Mwanamke mmoja aliyeuza shamba lake asubuhi, jioni hakuwa na shamba wala fedha. Watu walibandika noti za Fumbuka kwenye kuta za vyoo kuzuia upepo.

Mwanamke yule aliyeuza shamba alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, jina lake Siwatu. Binti alimwona mama yake ameketi kizingitini na bunda la karatasi mapajani, analikunja na kulikunjua, hasemi. Basi miaka saba baadaye, bodi ilipomjia Siwatu na kumwomba awe Mtia Saini mpya, hakukataa. Walikuwa wamemchagua kwa mwandiko wake uliopita wote shuleni, kwa moyo wake uliodunda bila kuruka pigo, na kwa bibi zake wawili waliokufa wakiwa na miaka tisini na kitu, mmoja wao kwa hasira tu.

"Utatutunzia mji," walimwambia.

Hawakumwambia kwamba mji nao utamtunza yeye.

*

Kwa miaka kumi na saba Siwatu alilindwa na Kamati ya Afya ya Saini. Hakuruhusiwa kupanda baiskeli. Hakuruhusiwa kula samaki mwenye miiba, wala kuoga mtoni, wala kupita chini ya mnazi. Hakuruhusiwa kuolewa, kwa kuwa ndoa huleta mawazo. Kuzaa ndiko kabisa. Mwaka ambao mwalimu mmoja wa hesabu alianza kupita pita nje ya dirisha lake akiwa amechana nywele, bodi ilimpandisha cheo akafundishe mpakani, na Siwatu akaletewa kitambaa cha kudarizi.

Mshahara wake ulilipwa kwa noti za mji jirani wa Lutundu. Sheria ilikataza Mtia Saini kumiliki noti zake mwenyewe, wasije wakasema anaishi kwa tamaa.

Sokoni hakuna aliyemwuliza habari za nyumbani. Walimwuliza, "Umeamkaje, mwanangu? Tumbo? Choo umepata?" naye alijibu kwa ukamilifu, maana jibu la mkato liliweza kupandisha bei ya sukari. Siku aliyopiga chafya mara tatu mfululizo mbele ya duka la nafaka, debe la mahindi lilipanda kwa robo kabla hajafuta pua. Muuza duka alimsogelea na kumwambia kwa upole, "Mama, kama ni vumbi, sema ni vumbi, watu wasikie."

"Ni vumbi," Siwatu akasema kwa sauti. Mahindi yakashuka.

Aliyetembea naye kila hatua alikuwa Bi Tamasha, mjane wa miaka sitini, mwonjaji wa chakula chake na mtangulizi wake njiani. Bi Tamasha alipiga kila ngazi teke kabla Siwatu hajaikanyaga, na kila kiti alikikalia kwanza yeye.

"Siku moja utavunjika wewe," Siwatu alimwambia.

"Nikivunjika mimi, mwanangu, bei ya chumvi haitikisiki," Bi Tamasha alijibu. "Tembea."

*

Maumivu yalianza wakati wa mavuno. Mwanzo yalikuwa kama kidole kinachobonyeza chini ya mbavu, upande wa kulia. Siwatu alinyamaza. Alijua akikunja uso watu watalala njaa, kwa hiyo alijifunza kuumwa huku anatabasamu, na watu wakasema tangu azaliwe hajapendeza vile. Bei zikashuka. Mkutano wa hadhara ukapitisha azimio la kumpongeza.

Mwezi wa tatu alianguka bafuni. Bi Tamasha alimkuta ameng'ata taulo asipige kelele.

"Tangu lini?" Bi Tamasha alimwuliza, akiwa amepiga magoti kwenye maji.

"Tangu mavuno."

"Na mimi naonja uji wako kila siku nadhani nakulinda."

Daktari Sekela wa hospitali ya wilaya aliitwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, anayenawa mikono kama mtu mwenye ugomvi nayo. Alikuta wanakamati tisa wamejipanga kuzunguka kitanda, na karani wa benki yuko tayari na kalamu.

"Tokeni," akasema.

"Daktari, hili tumbo ni la umma," Mwenyekiti alimweleza.

"Basi umma usubiri nje."

Wakatoka, wakaweka masikio mlangoni. Daktari Sekela alibonya, akasikiliza, akabonya tena. Halafu akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema kwa sauti ya chini isiyofika kwenye masikio yao.

"Una uvimbe. Sasa hivi ni kama limau. Ukitolewa mapema, katika watu kumi wa namna yako, tisa wanaamka na kwenda nyumbani."

"Usipotolewa?"

"Mwaka. Ukijaliwa sana, miwili. Na si miaka ya kutamani."

Siwatu aliangalia dari. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakukumbuka siku hata moja aliyoitumia. "Nitoe," akasema. "Kesho, kama unaweza."

"Mimi ninaweza kesho," Daktari Sekela akajibu, akiangalia mlango. "Tuwaulize hao wengine wanaweza lini."

*

Bodi ilikaa siku tatu. Siwatu aliruhusiwa kuhudhuria kama kielelezo, akawekwa kwenye kiti chenye mito.

Mwenyekiti, Bwana Chonde Mgalilwa, alikuwa mnene wa sauti na mwembamba wa aibu. Alisimama, akatengeneza tai, akaanza.

"Ndugu wajumbe. Tisa kati ya kumi. Nakiri ni tarakimu ya kupendeza. Lakini mimi kama kiongozi siwezi kuwaongoza wale tisa nikamsahau yule mmoja. Je, kama dada yetu Siwatu ndiye yule mmoja? Mkelewa itazikwa naye asubuhi moja. Asipopasuliwa, kwa upande mwingine, wataalamu wametuhakikishia mwaka, au hata miwili. Ndugu zangu, miaka miwili ni miradi minne. Ni jengo jipya la bodi. Kwa nini tuukimbilie mwisho ambao, tukiwa watulivu, unakuja wenyewe?"

Wajumbe walipiga meza.

"Mwenyekiti," Siwatu akasema, "mimi ndiye nitakayekufa."

"Na hakuna anayelisikitikia hilo kuliko kiti hiki," Bwana Mgalilwa akajibu. "Tunakupenda mno, dada. Tunakupenda kiasi kwamba hatuwezi kukuruhusu upone."

Wakapiga kura. Upasuaji ukaahirishwa hadi mwaka wa fedha ujao, na visu vyote nyumbani kwa Siwatu vikakusanywa, hata kile cha kumenyea ndizi, asije akashawishika.

*

Aliporudishwa nyumbani alikaa dirishani, maana hapakuwa na pengine pa kukaa. Siku ya pili aliona ng'ombe wanapita kuelekea kwa Mwenyekiti. Siku ya tatu wakapita wengine, nyuma yao mkokoteni wa mabati. Wiki ile ile mjumbe mmoja wa bodi alinunua kiwanja cha mpira, pamoja na magoli. Mwingine alinunua saruji nyingi hata nyumba yake haikuonekana. Wote walilipa taslimu, kwa noti za Siwatu, na hawakuomba kupunguziwa bei. Wauzaji walishangilia. Mji ulikuwa haujawahi kuona matajiri wakarimu namna ile.

"Bi Tamasha," Siwatu aliita. "Wanafanya nini hawa?"

Bi Tamasha alisimama nyuma yake, akatazama ng'ombe hadi wa mwisho. "Wanajivua," akasema. "Wanakuvua wewe, mwanangu, kama kanzu iliyoingia siafu. Noti zako zinatoka mikononi mwao zinaingia kwa muuza ng'ombe, kwa fundi, kwa mama muuza vitumbua. Wakishamaliza, wao wana ng'ombe, sisi tuna wewe."

Siwatu alihisi kile kidole chini ya mbavu kinageuka ngumi. "Na wakishamaliza, nikifa watapungukiwa nini?"

Bi Tamasha alikwenda kuonja uji.

Jibu lilikuja lenyewe Jumatatu iliyofuata, kwa barua yenye mihuri minne. Bodi, baada ya kuguswa upya na utu, ilikuwa imeamua Mtia Saini apasuliwe. Tena haraka: Alhamisi, saa nne asubuhi. Barua ilieleza pia kwamba binti wa Mwenyekiti, mwenye miaka ishirini na kifua imara, ameanza mazoezi ya mwandiko, kama tahadhari tu.

Siwatu aliisoma mara mbili. "Daktari Sekela ameshajua?"

"Daktari Sekela hayupo," Bi Tamasha akasema. "Tangu jana wamempeleka semina, kwenye nyumba ya wageni ya kule mlimani, kilomita ishirini. Wiki mbili. Mada ni umuhimu wa madaktari kuwepo kazini."

"Atanipasua nani?"

Bi Tamasha alifunga mlango kwanza. "Dakta Pandisha."

Dakta Pandisha alikuwa mkuu wa wilaya mstaafu. Chuo kikuu kimoja kilimpa udaktari wa heshima baada ya yeye kukipa chuo hicho mlima. Nchi ile ina sheria inayokataza ubaguzi baina ya madaktari wa kusomea na madaktari wa heshima, kwani heshima nayo, sheria inasema, ni aina ya elimu. Tangu apate cheo hicho Dakta Pandisha alikuwa amepasua utepe mara mia moja na tatu, na hakuna utepe hata mmoja uliolalamika.

*

Jumatano alasiri karani aliwaleta makarani wenzake wawili na masanduku matatu ya karatasi mpya. Bodi iliagiza Mtia Saini asaini zote kabla ya Alhamisi, mradi mkono wake ungali na joto. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akaangalia viatu.

"Za nini zote hizi?" Siwatu aliuliza.

"Posho, dada. Wajumbe kesho wanakaa kikao maalumu cha kusimamia upasuaji wako. Saa mbili asubuhi, pale pale hospitali."

"Posho wataipeleka wapi? Si walikuwa wanazikimbia noti hizi?"

Karani akakuna kichwa. "Nimewauliza. Mwenyekiti anasema kikao saa mbili, posho saa mbili na nusu, sokoni saa tatu, kisu saa nne. Wanasema muda unatosha." Kisha akaongeza, kama anayemtetea ndugu mgonjwa: "Ni posho, dada. Utawaambiaje waikatae?"

Na hapo msomaji wa nchi nyingine asishangae. Mjumbe wa bodi wa Mkelewa aliweza kukataa ushauri, lawama, hata mwaliko wa mbinguni, lakini tangu benki ianzishwe hakuna aliyewahi kuikataa posho. Mmoja wao alifufuka kitandani, padri ameshampaka mafuta, aliposikia bahasha zinagawiwa.

Karani alipotoka, Bi Tamasha alileta taa na kukaa sakafuni, akawa anampulizia wino ukauke. Walifanya kazi hivyo, saini baada ya saini.

"Unazo ngapi zangu?" Siwatu aliuliza ghafla.

"Godoro langu lote ni wewe."

"Ungekuwa huna hata moja, ungenipigia ngazi teke?"

"Usiniulize hivyo, mwanangu."

"Nakuuliza."

Bi Tamasha alipuliza saini iliyokwisha kukauka. "Sijui," akasema. "Miaka kumi na saba, nimelala juu yako nikalinda usingizi wangu. Sijawahi kupata nafasi ya kujua." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Kesho soko halifunguliwi. Wanawake wote wanakuja uwanja wa hospitali kukuombea. Hata mwenye lori anakuja, Mzee Kitwana, yule anayeuza lori lake. Hakuna atakayebaki dukani."

Mkono wa Siwatu ukasimama juu ya karatasi. "Bodi wanajua?"

"Watajuaje? Wao sokoni hutuma watu."

Tone la wino likadondoka mezani. Halafu akaomba karatasi tupu na kuwaandikia bodi barua ya heshima, kwa mwandiko ule uliomwingiza taabuni. Alisema kwamba anaposimama mbele ya kisu ameona jinsi wajumbe walivyoteseka kwa ajili yake. Aliomba, kama wosia wa mgonjwa, kwamba posho yao iongezwe mara kumi, na Dakta Pandisha naye alipwe kwa noti hizo hizo, mpya, zingali na harufu ya wino. Masanduku matatu yalitosha.

Jibu lilirudi kabla ya swala ya isha. Bodi imeguswa. Bodi imekubali. Aidha, bodi imeongeza posho ya mazingira magumu na posho ya huzuni.

Akasaini hadi vidole vikafa ganzi. Maumivu yalipomkunja alisubiri yapite, akaendelea.

*

Alhamisi saa mbili na nusu, kupitia dirisha la wodi, Siwatu aliwaona wajumbe wakitoka kikaoni na mabegi. Walitembea kama watu waliobeba mayai. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na begi kubwa kupita wote, na midomo yake ilikuwa ikipiga hesabu ya lori.

Saa tatu walirudi mbio.

Soko lilikuwa tupu kama kaburi la Pasaka. Muuza nafaka hakuwepo. Muuza ng'ombe hakuwepo. Mjumbe mmoja, kwa kukata tamaa, alijaribu kumlipa mbwa wa bucha. Wote waliokuwa na chochote cha kuuza walikuwa wameketi kwenye majani ya uwanja wa hospitali, wameshikana mikono, kila mmoja amefunga Siwatu wake kwenye pindo la kanga.

Mwenyekiti alimwendea Mzee Kitwana, mwenye lori, akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo Mkelewa haijawahi kuliona.

"Mzee wangu, lori nimelipenda. Hizi hapa. Mara mbili ya bei."

Mzee Kitwana alifungua jicho moja. "Nzuri," akasema. "Nitazipokea saa saba."

"Kwa nini saa saba?"

"Atakuwa ameamka."

"Na asipoamka?"

"Basi utakuwa na kitu cha kuziba choo, Mheshimiwa." Akafumba jicho, akaendelea na dua.

Kuna watu watasema: posho ile haikuwa jasho lao, wangeiacha tu ife. Wanaosema hivyo hawajapata posho. Kitu cha bure kikishaingia mfukoni huota mizizi kuliko kitu cha jasho, na kukichomoa ni upasuaji mkubwa kuliko ule uliopangwa saa nne.

Saa nne kasoro dakika tano Siwatu alikuwa amelazwa juu ya meza, taa imemmulika, baridi ya chuma imepenya shuka. Juu yake alisimama Dakta Pandisha amevaa joho lake la mahafali, kwa kuwa hakujua vazi jingine la kidaktari. Mfuko wa joho ulikuwa umevimba kwa malipo yake. Muuguzi alikuwa analia kimya kimya huku anapanga vifaa. Dakta aliinua kisu, akakigeuza mwangani, akauliza, "Utepe uko wapi?" Kisha akakumbuka.

Siwatu alisikia moyo wake mwenyewe, ule uliosifiwa kwa kutoruka pigo, unaruka. Alikuwa amewafunga kamba wote, lakini kamba ingechelewa kidogo tu ingemfunga yeye. Aliangalia saa ya ukutani. Dakika tatu. Mbili. Dakta alishusha kisu mpaka Siwatu akahisi ncha yake juu ya shuka.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, Mwenyekiti akaingia bila tai.

"Simama hapo hapo, Dakta. Umewahi kumpasua mtu?"

"Mheshimiwa, ulisema hilo si muhimu."

"Lilikuwa si muhimu saa mbili. Hakuna anayezipokea mpaka aamke."

Dakta Pandisha aliushika mfuko wa joho lake. "Kwani na mimi nimelipwa kwa hizo hizo?"

"Hizo hizo."

Kisu kilirudi kwenye sinia taratibu, pasipo kelele. "Mimi," Dakta akasema, akifungua vifungo vya joho, "udaktari wangu ni wa maendeleo kwa jumla. Tumbo, kwa kweli, si eneo langu."

Mwenyekiti alikuwa ameshatoka. Siwatu alisikia gari lake linanguruma kupanda mlimani kwenda kumvunjia Daktari Sekela semina.

*

Daktari Sekela alifika saa tano na nusu, bado amevaa beji ya semina, amekasirika. Aliwafukuza watu wote, akiwemo Mwenyekiti aliyejitolea kushika taa, na Dakta Pandisha aliyeomba abaki ajifunze. Akanawa mikono kwa muda mrefu. Nje, wajumbe wa bodi walikuwa wamepiga magoti kwenye majani katikati ya wauza vitumbua, na inasemekana waliomba kwa moyo kuliko wote.

Siwatu alimtazama daktari anavaa glavu. Hapo wazo ambalo hakuwa nalo jana lilimjia, likamgandisha.

"Daktari. Una noti zangu?"

"Sina hata moja," Daktari Sekela akasema. "Mimi nalipwa na wilaya, kwa noti za mji mwingine. Noti zetu zinasainiwa na babu mmoja wa miaka tisini na mbili, anavuta sigara."

Miaka kumi na saba kila mkono uliomgusa ulikuwa umeshikilia kitu kingine kwa upande wa pili. Leo amewafunga wote, bodi, dakta, mwenye lori, mpaka Mungu ameombwa kwa dhamana. Na mtu mwenye kisu ndiye pekee asiyepoteza chochote.

"Sasa," aliuliza, na sauti ilitoka ndogo, "ukikosea utapungukiwa nini?"

Daktari Sekela alifikiri, kama aliyeulizwa swali la kawaida. "Wewe," akasema. Kisha akamwashiria muuguzi alete sindano. "Na nina mama wa kujifungua saa nane, kwa hiyo tusicheleweshane."

*

Uvimbe ulitoka mzima. Bodi iliandika mara moja kuuliza kama uvimbe huo, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya Mtia Saini, si mali ya benki, na kama unaweza kutunzwa sefuni. Daktari Sekela aliisoma barua, akaitupa kwenye tanuru ya taka, alikokwisha kuutupa uvimbe wenyewe.

Siwatu alifumbua macho saa saba na robo. Koo lilikuwa kavu, tumbo linawaka moto mpya, safi, tofauti na ule wa zamani. Daktari alikuwa ameketi kando ya kitanda anakula mhogo. Kupitia dirishani uliingia ukimya wa watu elfu moja.

"Wako wote nje," Daktari Sekela akasema. "Wanasubiri neno. Mwenyekiti ameziba mlango wa gari la Mzee Kitwana, hataki aondoke. Bi Tamasha hayumo katika hao. Ameketi hapo mlangoni, ameniambia nisimwambie chochote cha noti, nimwambie tu kama unapumua. Nikamwambia unapumua. Amelala pale pale sakafuni."

Siwatu aligeuza kichwa polepole. Kupitia upenyo wa mlango aliona nyayo mbili zilizopasuka, zimetulia.

"Na hao wa nje niwaambie nini?" daktari akauliza.

Siwatu aliwaza bei ya mahindi, na wajumbe juu ya magoti yao, na wauza vitumbua waliowazunguka. Wanawake wale wangemsamehe. Na hao wengine, waache wakae na hofu yao mpaka jioni. Yeye alikaa na yake tangu mavuno.

"Waambie bado sijaamka," akasema.

Daktari Sekela alimaliza mhogo wake, akajipangusa mikono, akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Siwatu aliuangalia ukuta mweupe ambao hakuna mtu aliyekuwa ameujaribu kwanza. Kisha akageuka upande wa kushoto, taratibu, kwa ridhaa yake, akalala usingizi ambao haukuwa wa mtu mwingine yeyote.